Machozi ya Paskazia

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la kadi la kliniki ya macho, Eufrasia alichemsha maji, akanawa mikono hadi viwiko, kisha akakata karatasi za kupimia machozi. Zilikuwa nyembamba, zenye mistari ya milimita. Ncha ilikunjwa ikaning'inizwa ndani ya ukope wa chini, na mgonjwa akafumba macho dakika tano. Jicho lenye afya hulowesha milimita kumi na tano au zaidi. Asubuhi hiyo ya Septemba 1994 alikuwa amekata nne tu pale Bwana Nazari alipowapita wagonjwa wote wa kwenye benchi na kuingia bila kadi, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kola.

"Binti, acha hayo makaratasi. Nina mkutano saa nane."

Nazari alikuwa na shamba la miwa na alikuwa anagombea udiwani. Miwani yake ilikuwa nene kiasi kwamba pale sokoni Ifakara walimwita Mzee Chupa, na hakuna anayetaka kupigiwa kura kwa jina hilo. Kwa hiyo aliagiza lenzi kutoka Dar es Salaam, zile zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe. Katika kliniki ile ni Eufrasia peke yake aliyefundishwa chuoni kuzivisha.

Lenzi haikai juu ya jicho hasa. Inaelea juu ya machozi: chini ute, katikati maji, juu mafuta membamba yanayozuia maji yasikauke. Machozi yakipungua, lenzi inakwaruza. Yakizidi, inakwenda na maji. Eufrasia alimvisha ya kulia, ikateremka shavuni. Akaiosha, akarudia, ikaishia kwenye mfuko wa shati.

"Yalianza lini, mzee?"

"Julai. Baada ya kuchoma miwa."

Nje ya mlango, kwenye benchi, alikaa Paskazia, aliyevuka na kivuko cha kwanza kutoka Lupiro. Karatasi mbili zilining'inia machoni pake. Mumewe, Severini, alikuwa mkata miwa, na alikufa Julai katika moto wa shamba la Nazari. Kila mkata miwa anajua utaratibu: kabla ya kiberiti, filimbi hupulizwa mara tatu, majina huitwa moja moja, na kila mtu hujibu "Nimetoka." Siku ile upepo ulikuwa unataka kugeuka. Nazari alipuliza filimbi mara moja, na ingawa wenzake walisema Severini bado yumo, majina hayakuitwa.

Tangu hapo Paskazia hakutoa chozi. Msibani alikaa mkavu siku zote tatu. Wakwe zake wakasema mjane asiyelia ana lake jambo, wakachukua shamba la mpunga.

Eufrasia alitoka, akazichomoa karatasi. Sifuri, kulia na kushoto. Kioo cha mbele cha jicho lake kilikuwa kimeanza kufifia kama kioo cha kandili. Kioo hicho hakina hata mshipa mmoja wa damu. Hewa yake huipata kupitia machozi, na yakikosekana huchubuka, huota kovu, na mtu hupofuka.

"Macho yanauma, mama?"

"Kama nimetiwa mchanga, sista. Severini angenicheka. Alisema mimi nalia hata nikichinja kuku."

Ndani kulisikika maji yakidondoka sakafuni.

"Mwambie huyo mama anyamaze!" Nazari aliita. "Akimtaja tu mume wake, mimi nalowa."

Eufrasia alirudi na kumning'inizia karatasi. Ililowa yote, milimita thelathini na tano, kabla hata ya kuhesabu hadi kumi, na kwenye ncha ilibaki alama nyeusi ya majivu ya miwa. Alichukua karatasi moja ya Paskazia na ile ya Nazari, akaziweka juu ya meza ya Daktari Fulgence. Njiani alikuwa amepanga maneno. Alipofika yakamkauka.

"Mzee ana machozi mengi kidogo, Daktari."

Daktari Fulgence alizitazama. "Ya yule mjane, bila shaka. Lakini kadi ina sehemu ya kiasi tu, haina sehemu ya mwenyewe. Jaza kiasi. Mvishe lenzi pana zaidi, itashika. Na ile chupa moja ya matone ya kulainisha macho iliyobaki iende naye, jukwaani kuna vumbi."

"Yule mama, Daktari..."

"Asubiri mzigo ujao wa dawa."

"Ndiyo, Daktari."

Lenzi pana zilishika. Saa nane Nazari alisimama jukwaani bila miwani, akazungumzia barabara ya Mlimba na bei ya mpunga, huku machozi yakimshuka. Paskazia alikuwa ameomba aongozwe hadi pale, kwa kuwa njia alikuwa haioni vizuri. Alikaa chini kando ya Eufrasia, nyuma ya akina mama wawili wenye kanga za mgombea.

"Ona anavyotulilia," alisema wa kwanza.

"Ni ya Paskazia hayo. Huoni yana majivu?"

"Najua ni ya Paskazia, shoga. Lakini huyu analia. Yule mpinzani wake hata kukunja uso hawezi."

Paskazia alisikia, akaitikia kwa kichwa. "Basi, sista, tuwahi kivuko. Angalau Severini analiliwa."

Oktoba watu wale wale wangempigia Nazari kura, naye angeshinda kwa mbali. Kufikia siku hiyo jicho la kushoto la Paskazia lingekuwa limekwisha kufa. Lakini mkutano ulikuwa haujaisha, na Nazari aliuliza kama kuna mwenye swali. Eufrasia, ambaye miaka mitatu chuoni hakuwahi kunyoosha mkono, alisimama.

"Sema, binti yangu."

Sauti ilianza chini, ikabidi aanze upya.

"Sina swali," alisema. "Ulipuliza filimbi mara moja. Severini hukumwita. Uliwasha moto ukijua yumo ndani ya miwa, na leo unaomba kura kwa machozi ya mke wake."