Mistari Miwili ya Chaki

"Hatari za upasuaji umeshaelezwa, mama?" daktari aliuliza, na binti akadakia kabla mama yake hajafungua mdomo.

"Nimemweleza, daktari."

Uongo mtupu. Mama, fundi wa kushona nguo, alimgeukia bintiye taratibu, maana uvimbe ulioota chini ya sikio lake, sasa mkubwa kama limau, haukumruhusu kugeuka upesi. Nyumbani binti alimwambia atalala kidogo, ataamka, na baada ya siku kumi atarudi kwenye cherehani yake. Basi. Lakini miaka thelathini ya kupima watu nguo ilimfundisha kitu: mteja anayeapa kwamba hajanenepa hakosi kushikashika pindo. Na binti alikuwa ameshika pindo.

"Nieleze wewe, daktari. Mimi sijui kitu."

Daktari akamkazia binti macho, kisha akavuta kiti karibu. Uvimbe ukiachwa, alisema, mwaka hautaisha kabla haujambana koo. Ukitolewa, huenda mshipa wa fahamu unaoinua mkono ukaguswa. Katika wagonjwa kumi, wawili au watatu hubaki na mkono uliolegea.

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

Mkono wa mkasi. Fundi aliogopa, na hakujisumbua kuficha.

"Nilijua ungekataa," binti akasema, machozi yakimlengalenga. "Bora mkono uende, mama, wewe ubaki."

"Huenda ni kweli, mwanangu. Lakini lini umeniona nakata kitambaa mwenyewe hayupo?"

Binti hakuwahi kumwona hata siku moja. Wateja walimsema sana kwa hilo. Hata bibi harusi aliyetuma vipimo kwa simu aliambiwa aje asimame mwenyewe. Fundi alikasirika kwelikweli, na papo hapo akamwonea huruma mtoto wake, ambaye wiki nzima hakuwa amelala vizuri.

"Karatasi ya ruhusa hii hapa," daktari akasema. "Hakuna anayekulazimisha."

Fundi hakuigusa. Alipapasa mfukoni, akatoa chaki yake ya kushonea, iliyolika hadi ikawa nyembamba kama ukucha, akampa daktari. Akainamisha kichwa upande.

"Nichoree utakapokata. Na huo mshipa unapopita."

Daktari alisita, kisha akachora. Fundi akaenda kwenye kioo kilichokuwa juu ya sinki. Mistari miwili, imekaribiana mno. Akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akainua mkono wa kulia na kuanza kupima, kwa ncha ya kidole, nafasi iliyobaki katikati.