Taa ya Jikoni, Upande wa Kwanza

Nilitaka watu wa kilimani kwetu waseme: huyu anayeimba ni Hermelinda. Sikutaka zaidi ya hapo. Mtu anayepiga pasi mashuka ya hoteli kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi hana nguvu ya kutaka mengi.

Wimbo wenyewe niliutunga jikoni, nikimsubiri Nicanor, mume wangu, arudi kutoka zamu ya usiku kiwandani. Sisi tunakaa Monterrey, juu kabisa kwenye mtaa wa Independencia, mahali ambapo barabara imechoka ikageuka ngazi. Nilikuwa namsikia tangu chini: buti moja, pumzi, buti la pili. Mtu aliyesimama mbele ya tanuru la chuma usiku kucha hapandi ngazi, anajivuta. Nikaanza kuimba kwa mwendo wa buti zake. Taa ya jikoni sijaizima, panda taratibu, taa sijaizima. Huo ndio wimbo, hauna maajabu mengine.

Mwaka wa themanini na nne Eleuterio, mpiga kodiani niliyekuwa naimba naye kwenye harusi, alinipeleka kwa bwana mmoja aitwaye Plutarco, mwenye studio juu ya duka la viatu. Ilikuwa Julai, na Julai ya Monterrey haina huruma. Feni ilizimwa kwa sababu kipaza sauti kiliisikia. Plutarco alisikiliza ubeti mmoja akiwa amefumba macho, nikadhani wimbo umemgusa. Kumbe alikuwa anapima mapigo.

"Wimbo mzuri, dada," akasema. "Sasa tuuimbe kabla haujakata roho."

"Haukati roho. Umechoka tu. Ni wimbo wa mtu aliyechoka."

"Redio haipigi uchovu. Uchovu watu wanao nyumbani, bure. Eleuterio! Tia moto!"

Eleuterio akatia moto. Kwa kasi ile Nicanor alikuwa anapanda kilima akifukuzwa na mbwa. Sauti yangu ni nyembamba na ina makali. Ukiikimbiza inakuwa filimbi. Kwenye ubeti wa pili Eleuterio, jasho likimtiririka mpaka kwenye vifungo vya kodiani, alijisogeza na kiti chake kikalia, nami hapo hapo nikavuta pumzi kwa kelele kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Niliomba turudie.

"Hakuna atakayesikia," akasema Plutarco. "Watu watakuwa wanacheza."

Hawakucheza. Santuri ndogo ikatoka, Taa ya Jikoni upande wa kwanza, jina langu kwa herufi nyekundu, na upande wa pili bolero, wimbo wa mapenzi wa polepole ambao hata mimi nimeusahau. Redio iliipiga asubuhi mbili tatu, kati ya tangazo la sabuni na matokeo ya mpira, kisha kimya. Obdulia, jirani yangu na rafiki yangu tangu tuna meno ya utoto, aliisikiliza yote mkono kiunoni.

"Shoga, umeimba vizuri," akasema. "Ila unasikika kama una haraka ya choo."

Santuri zilizobaki zikaingia chini ya kitanda. Moja nilimpa Obdulia. Aliisahau karibu na jiko ikapinda kingo, ikawa bakuli zuri, akawa anawekea pilipili. Mimi nikarudi kwenye mashuka. Mtu akiniuliza habari za muziki nilimwambia muziki haujambo.

Miaka miwili baadaye kiwanda kikafungwa. Nicanor, ambaye maisha yake yote aliota usingizi wa usiku, sasa alikuwa na usiku wote na usingizi hakuwa nao. Buti zake zilikaa mlangoni, zimegeukia nje. Taa ya jikoni nikaanza kuizima mapema, maana hapakuwa na wa kumsubiri.

Wakati huo kilimani watu walikuwa wamependa kumbia, zile nyimbo za dansi za Kolombia, zilizoshushwa kasi. Wenye mitambo ya muziki, wale wanaopanga spika zao barabarani na kupiga santuri za Kolombia, walikuwa wanazizungusha chini ya kasi yake. Kila sauti inakuwa nzito, kodiani inaunguruma kama ng'ombe mgonjwa, na watu wanacheza wameinama, mikono inaning'inia, wanazunguka duara kama wanaotembea ndani ya maji. Mimi sikuzipenda. Nilikuwa najiburuza wiki nzima. Sikuona haja ya kuburuzwa hata Jumapili.

Jumapili moja baada ya misa nilikuwa juu ya paa naanika nguo. Kutoka chini, kwenye mtambo wa Mzee Abundio, mwanamume akaanza kuimba. Sauti nzito, pana, ya mtu aliyekaa kitako baada ya kazi. Taa ya jikoni sijaizima. Nikasimama na shati la Nicanor mkononi. Nimeibiwa wimbo, nikajiambia. Ukafika ubeti wa pili. Kiti kikalia, mlio mrefu kama wa lango la makaburini, na mwanamume yule akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Nikateremka ngazi, shati likidondosha maji.

Kwa Mzee Abundio barabara ilikuwa imejaa. Obdulia alikuwa ameegemea ukuta, anatafuna muhindi wa kuchemsha uliopakwa krimu na pilipili.

"Nani huyu anayeimba?" nikamuuliza.

"Hujui? Unaishi wapi wewe? Ni Mkolombia mmoja, marehemu. Alikuwa mchimba mgodi. Kafa kwa mapafu, masikini. Hebu sikia anavyovuta pumzi."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Obdulia, huyo ni mimi."

Alinitazama, akalitazama shati, akanitazama tena. "Njoo ukae kivulini, shoga. Jua la leo si zuri."

"Santuri yenyewe unayo jikoni kwako, unawekea pilipili!"

"Ile yako ilikuwa mbio mbio. Hii inatoka moyoni."

Nilirudi nyumbani nimeshikwa na hasira ya kizembe, ile isiyokuwa na nguvu ya kuvunja hata kikombe. Kwa sababu ukweli ni kwamba walikuwa wameupatia. Mwendo ule ndio niliomwomba Plutarco. Buti moja, pumzi, buti la pili. Wimbo ulikuwa umerudi ulivyozaliwa. Aliyekosekana ndani yake ni mimi.

Jumapili iliyofuata nilitoa santuri moja chini ya kitanda nikamwambia Nicanor anisindikize. Akavaa shati lile lile. Njiani mkoba wangu alinibebea.

Mzee Abundio ni fundi redio, mnene, na taulo haitoki shingoni mwake. Santuri aliyokuwa nayo haikuwa na jina. Aliyemuuzia alikuwa ameibandua karatasi ya katikati, kama wenye mitambo wanavyofanya ili mshindani asijue wimbo ni upi. Aliichukua yangu, akaishusha kasi, akaisikiliza peke yake, visikizio masikioni. Kiti kilipolia akavivua polepole.

"Mama wewe," akasema. "Kumbe uko hai."

"Niko hai. Waambie."

"Niwaambie?" Akajifuta uso mzima na taulo. "Huu ndio wimbo tuliomzikia Anselmo, yule muuza mkate. Mama yake Anselmo huja hapa kila Jumapili kwa ajili ya huyu marehemu. Unataka niwaambie ni mama wa dobi?"

"Nataka uwaambie ni mimi."

Abundio ana kasoro nyingi, ila si mwongo. Akashika kipaza sauti. "Jamani, tulieni. Yule Mkolombia hayupo na hakuwahi kuwapo. Sauti ile ni ya huyu mama hapa, Hermelinda Sauceda, wa kule juu kwenye ngazi. Sikilizeni." Akaiweka santuri yangu kwa kasi yake yenyewe.

Filimbi ikatoka. Barabara nzima ikapasuka kwa kicheko.

"Panya kaingia kwenye spika!"

"Abundio, umeanza kunywa saa ngapi?"

"Mzee, acha masihara, turudishie marehemu!"

Wakaanza kupiga makofi kwa pamoja: ma-re-he-mu, ma-re-he-mu. Abundio akanitazama, akainua mabega, akaishusha santuri kasi. Kodiani ikazama, ngoma zikazama, na yule mwanamume, mimi, akaanza taratibu. Watu wakarudi kwenye duara lao. Kipaza sauti kikabaki mkononi mwangu, kizito kama pasi.

Nikasema moyoni, nitaimba naye. Mdomo wangu ukienda sawasawa na wa kwake, neno kwa neno, wataona. Nikajaribu. Haikuwezekana. Kule wimbo ulikokuwa umeshuka koo langu halifiki. Nilitoa hewa tu. Sasa mtu aliyekwisha kusimama mbele ya watu na kipaza sauti hawezi kusimama tu. Nikafanya anachofanya mwanamke yeyote wa kwetu mumewe anapoanza wimbo mezani: nikashika sauti ya pili. Yeye anatembea chini, mimi namfuata juu, nyuma kidogo, bila haraka. Taa ya jikoni sijaizima. Kiti kikalia. Tukavuta pumzi pamoja.

Duara likasimama. Wanaume wakavua kofia. Mama yake Anselmo, bibi mfupi mwenye shali jeusi, akaja mpaka mbele ya spika akasimama hapo hadi mwisho. Nikaona nyuso zao na nikajua wameelewa. Nilijua kabisa.

Wimbo ulipokwisha Obdulia alikuwa wa kwanza kunifikia. Machozi yamechanganyika na krimu ya muhindi.

"Mbona hukuniambia?" akasema. "Miaka yote hii, shoga! Mbona hukuniambia kwamba alikuwa wako?"

"Nani wangu?"

"Usinifiche tena. Mtu haimbi hivyo na mtu asiye wake."

Nyuma yake foleni ilikuwa imeshajipanga yenyewe, kama kanisani.

"Pole sana, mama."

"Mungu akutie nguvu."

"Mlikuwa mnapendana. Mtu yeyote anasikia."

Nicanor alikuwa amesimama kando yangu na mkoba wangu kifuani. Kijana mmoja mwenye suruali pana alimshika bega. "Na wewe pole, mzee. Wewe ni kaka yake marehemu?"

"Mimi ni mume wa huyu," akasema Nicanor.

"Basi una moyo mkubwa," akasema yule kijana kwa heshima. "Mwingine asingekubali."

Nicanor akanigeukia. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari: studio, feni, Plutarco, jina kwa herufi nyekundu. Nikawatazama walivyokuwa wengi, wengi wao wanaume niliowaona zamani wakishuka kilima na buti kwenda zamu, na sasa hawana wanakokwenda. Ningelazimika kumweleza kila mmoja. Na kesho kulikuwa na mashuka.

Zamu ya mama yake Anselmo ikafika. Akanishika mikono yote miwili. Yake ilikuwa baridi katika joto lile.

"Niambie, mwanangu. Aliteseka sana?"

"Hapana, mama," nikasema. "Alikuwa amechoka tu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari alizozingoja. "Jumapili ijayo utakuja tena kumsindikiza?"

"Nitakuja," nikasema, nikampa mkono aliyefuata.