Siagi ya Jua

Tangu Oktoba jua lilikuwa halijaligusa dirisha la jikoni kwa mzee Bottolv. Lilipita nyuma ya mlima, likawaangazia majirani wa ng'ambo ya mkono wa bahari, likavipaka dhahabu vilele vya theluji ambako haishi mtu, na nyumba yao huku chini ikabaki kwenye kivuli cha rangi ya buluu, kama kitu kilichosahauliwa kabatini. Hawakulalamika. Shamba lao ndivyo lilivyokuwa tangu enzi za mababu. Kiangazi unapewa mwanga hadi unakosa usingizi, na majira ya baridi unaurudisha.

Ila kila Februari ilikuja siku moja ambapo jua lilifikia pengo lililo kati ya milima miwili upande wa magharibi, likachungulia kama mgeni anayepiga hodi, kisha likaenda zake. Mwaka huu siku hiyo iliangukia Ijumaa.

Ragnfrid alikuwa mbele ya meza ya jikoni, vidole vyote vyekundu kwa viungo, akimtazama baba yake kwa pembe ya jicho. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha dirishani, amevaa sweta alilofumiwa na mkewe. Zamani sweta lile lilimbana kifuani. Sasa lilimning'inia kana kwamba limetundikwa msumarini. Tangu walipomzika mkewe huyo, Brita, majani yakipukutika, mzee aliishi kwa kahawa na kipande cha mkate mkavu. Hakununa wala hakugombana na mtu. Alikuja mezani kila alipoitwa, akashika uma, akavihamisha viazi kutoka upande huu wa sahani kwenda upande ule, halafu akasema kwa adabu zote, "Asante kwa chakula," akarudi dirishani.

Mpishi anaposhukuriwa hivyo hujibu, "Kikunufaishe." Ragnfrid alilelewa kwa jibu hilo. Lakini msimu mzima lilimkwama kooni. Kimnufaishe nini, na sahani imejaa?

"Dada, unampaka kuku viungo au unapaka rangi mlango?" Jostein, mdogo wake, aliingia na mzigo wa kuni kifuani, theluji mabegani.

"Usinichekeshe, mikono inatetemeka."

"Inatetemeka kwa kuku? Huyu keshakufa, hakufanyi kitu."

Ragnfrid alicheka kidogo, kisha akamrudia kuku, kwa sababu alijua mdogo wake alichokifuata. Jostein aliingia jana kutoka Bergen na gari kubwa lenye nafasi ya mizigo. Kule mjini chumba kilikuwa kimepatikana katika nyumba ya wazee, chumba kizuri, chenye muuguzi na mpishi wa kulazimisha uji. Usiku walikuwa wamenong'onezana koridoni, kila mmoja na machozi yake. Jumapili angeondoka na Baba. Ragnfrid alipinga, akasema Baba akiondolewa kwenye dirisha lile atazimika kama mshumaa. Jostein akajibu kwamba hata hapo dirishani anazimika, tena mbele ya macho yao. Mwishowe walikubaliana jambo moja: mzee akila mlo mmoja, mlo wa mtu mzima, basi gari litarudi tupu.

Walikuwa hawajamwambia. Lakini mzee Bottolv hakuwa kiziwi, na kuta za nyumba ile zilikuwa za mbao.

Ijumaa nchi nzima hula chakula cha namna ya Meksiko, mabaharia kwa maaskofu, na hakuna anayeshangaa tena. Nyumbani kwao mila hiyo aliileta Brita, nywele zake zikiwa zimeshaanza mvi. Mwanzoni mzee aliguna kwamba watu wa samaki na viazi wana haja gani na bizari. Ijumaa ya pili aliguna huku akiongeza sahani. Baadaye Brita akaachana na nyama ya kusaga, akabuni njia yake mwenyewe: mchele mbichi chini ya sinia la kuokea, juu yake maharagwe meusi, mahindi, pilipili hoho na nyanya za kukatwakatwa, halafu mapaja ya kuku yaliyosuguliwa bizari nyembamba, pilipili nyekundu ya unga, kitunguu saumu na ndimu. Supu ya moto ikamwagwa pembeni, foili ikafunika, oveni ikamaliza kazi. "Chombo kimoja," alikuwa akisema, "wa kuosha mmoja, na huyo si mimi."

Ragnfrid alisukuma sinia ndani ya oveni. Kisha akafanya kile alichokuwa akikiogopa tangu asubuhi. Alichukua kisahani cha buluu cha mama yake, akakiwekea kipande cha siagi, akakiweka kizingitini mwa dirisha, karibu na mkono wa baba yake.

Mzee alikitazama kisahani kwa muda mrefu.

"Umekumbuka," alisema.

"Ningesahauje, Baba?"

Siku ya jua kurudi, jua hupewa siagi. Inapakwa mahali ambapo mwali wa kwanza utagusa, na ikiyeyuka, mwaka utakuwa mwema. Brita hakuipaka. Aliiacha kwenye kisahani ili isipotee, na ilipolainika alikuwa akiipaka kwenye mikate myembamba, akamtilia kila mtu mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, wakubwa kwa watoto. Hukuruhusiwa kukataa. Mwaka mmoja mchungaji alikuja kuwatembelea, akatiliwa na yeye.

Baadaye mzee alivaa viatu vizito akatoka kibarazani kuangalia mawingu. Ragnfrid aliondoa foili kwenye sinia ili kuku apate rangi.

"Jostein, nashuka stoo kutafuta mtungi wa malai ya maziwa. Mwangalie kuku asikauke."

"Nimwangalie tu?"

"Mwangalie kwa akili."

Stoo kulikuwa na giza na harufu ya tufaha za zamani. Mtungi ulikuwa nyuma ya kila kitu, kama kawaida ya mitungi. Aliporudi juu alimkuta Jostein amesimama mbele ya oveni, kitambaa begani, amejaa furaha ya mtu aliyefanya jambo la maana.

"Alikuwa ameanza kukauka juu," alisema. "Nimemwokoa. Nimempa siagi."

"Siagi ipi?"

"Ile iliyokuwa pale diri..."

Hakumaliza. Ragnfrid aliuona uso wa mdogo wake ukibadilika, ukarudi nyuma miaka na miaka, kutoka kwenye uso wa mhandisi hadi uso wa mtoto aliyesimama foleni jikoni hapo hapo, mdomo wazi, akisubiri mkono wa mama.

"Mungu wangu," alisema Jostein kwa sauti ndogo. "Dada, leo ndiyo siku yenyewe? Nimesahau. Nimeishi mjini mpaka nimesahau."

Alifungua friji, akavurugavuruga. "Hakuna nyingine?"

"Ile ndiyo ilikuwa ya mwisho."

"Hii hapa majarini."

"Jua halili majarini," Ragnfrid alisema. Yalikuwa maneno ya mama yao, na kwa siku nyingine yangewachekesha. Duka lilikuwa ng'ambo, na feri isingerudi kabla ya giza.

Mlango ulifunguliwa. Mzee Bottolv aliingia na baridi yake, mashavu mekundu.

"Wingu limepasuka," alisema. "Linakuja."

Alienda moja kwa moja dirishani. Akakiona kisahani kitupu, kinang'aa kwa mafuta kidogo tu. Alisimama pale mkono ukiwa juu ya kizingiti, na Ragnfrid akauona mgongo wake ukishuka, polepole, kama tanga linapoishiwa upepo.

"Baba, ni mimi," Jostein alisema. "Si Dada. Nimeitia juu ya kuku."

"Yote?"

"Yote."

Ragnfrid aliwaza kwamba sasa basi, imekwisha. Mzee atarudi kitini, atasema asante kwa chakula ambacho hajakila, na Jumapili gari litaondoka.

"Na huyo kuku yuko wapi?" aliuliza mzee.

"Kwenye oveni, Baba."

"Sasa mnangoja nini? Jua lina haraka zake. Mtoeni."

"Bado hajapata rangi vizuri," Ragnfrid alianza.

"Rangi atapewa na jua lenyewe. Siagi iko juu yake, basi mleteni yeye hapa dirishani." Sauti ile, sauti ya kuamrisha ng'ombe na watoto, walikuwa hawajaisikia tangu msibani. "Jostein! Usinitolee macho. Ulitia siagi, beba sinia."

Jostein alibeba. Ragnfrid aliweka ubao kizingitini, sinia likatua juu yake likichemka pembeni, na mzee akaanza kuhangaika na komeo la dirisha.

"Baba, baridi!"

"La kupitia kioo halihesabiki," alisema, akasukuma. Dirisha likafunguka. Baridi iliingia, mvuke ukatoka, harufu ya bizari na ndimu ikaenda zake juu ya theluji ambako haijawahi kufika harufu ya namna hiyo.

Ndipo likaja.

Kwanza mti mmoja kule juu, kwenye ukingo wa pengo, ulishika moto bila kuungua. Kisha mwanga ukashuka mteremkoni, bila sauti, ukivuka mawe, ukivuka paa la banda la kondoo, na popote ulipopita theluji iliacha kuwa buluu. Ukafika uani. Ukapanda ukuta wa mbao nje ya dirisha, ubao baada ya ubao. Ragnfrid alikuwa ameiona siku hii kila mwaka wa maisha yake, na bado alistaajabu, kwa sababu hakuna aliyeliita jua, hakuna aliyelidai, na lilikuja. Katika nyota zote na milima yote, lilikumbuka dirisha moja.

Mwali uligusa sinia.

Wote watatu walisogea karibu bila kuambiana. Hoho nyekundu ziliwaka. Punje za mahindi ziling'aa kila moja peke yake. Mafuta yalitambaa kati ya mapaja ya kuku kama vijito vya dhahabu, na siagi iliyokuwa imebaki kitonge juu ya paja la katikati ililegea, ikateleza, ikaisha. Sinia lote lilikuwa kama kipande cha jua chenyewe kilichodondokea jikoni kwao, na Ragnfrid aliona haya kuwa alipika kitu kile kwa mikono yake akidhani ni mlo wa Ijumaa tu.

"Limekula," alisema mzee kwa kunong'ona.

Mwanga ulipanda ukutani, ukagusa sweta lake, ukagusa kidevu. Alifumba macho. Kisha pengo likajifunga, na jikoni kukarudi kivuli, lakini si kile cha asubuhi.

Jostein alifunga dirisha. Mzee aliketi mezani, akavuta sahani.

"Ragnfrid. Mama yako alikuwa akisemaje?"

"Kilichoguswa na jua hakikataliwi."

"Ehe. Kwa hiyo nitakataaje? Pakua."

Alimpakulia wali wa chini uliofyonza kila kitu, maharagwe, paja lenye ngozi inayopasuka. Mzee alitia uma mdomoni. Alitafuna. Ragnfrid na Jostein walikaa wameshika uma zenye chakula, hakuna aliyethubutu kula. Mzee alimeza.

"Kina pilipili," alisema.

"Kidogo tu, Baba."

"Ndiyo nasema. Kidogo mno. Mama yenu alikuwa akitia mpaka natokwa machozi." Na kweli machozi yalikuwa yakimtoka, yanashuka bila kufutwa, naye anaendelea kula. "Kuleni na nyie. Mnanitazama kama sinema."

Wakala. Jostein alisema kwamba kuku ameokolewa na siagi, asibishiwe. Mzee akamwambia mtu akiiba sadaka asidai na shukrani. Ragnfrid alicheka hadi akaweka uma chini. Alikuwa akihesabu moyoni, paja moja, nusu ya pili, kisha akaacha kuhesabu, maana aliona ni kama kumchungulia mtu anayesali.

Mwisho sinia lilibaki na kipande kimoja.

Kipande cha mwisho hakichukuliwi. Hivyo ndivyo walivyolelewa wote upande ule wa mlima. Jostein alikata nusu yake, akaiacha nusu. Ragnfrid alikata nusu ya nusu. Jostein akakata tena, kipande cha ukubwa wa kidole kikabaki peke yake katikati ya sinia.

"Chukua wewe, Dada."

"Aa, chukua wewe, umesafiri."

"Nyie mtakikata mpaka ibaki harufu," mzee alisema. Akanyoosha uma, mbele ya macho yao, akakitwaa, akala.

Wanawe walitazamana. Tangu wazaliwe walikuwa hawajawahi kuona jambo kama lile katika nyumba ile. Mzee alifuta sinia kwa kipande cha mkate, pembe hadi pembe.

"Kile chumba cha Bergen," alisema bila kuinua macho, "kina dirisha?"

Jostein aliona haya. "Kinalo, Baba. Linatazama maegesho."

"Basi wampe anayependa magari." Akalisogeza sinia pembeni. "Kesho sijui. Siwezi kuwaahidi kesho. Leo nimekula."

"Kesho sikuulizi," Jostein alisema.

Nje, vilele vya juu vilikuwa bado vinawaka. Mzee aliweka uma na kisu sambamba juu ya sahani tupu, akasimama akishikilia meza.

"Asante kwa chakula," alisema.

"Kikunufaishe, Baba," Ragnfrid alijibu.