Vumbi la Mchele wa Madamu

Walimwita Kufuli kwa sababu alilinda geti la kiwanda tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na pia kwa kejeli, maana mdomo wake haukuwahi kufungika. Siku geti la umeme lilipoletwa, wakubwa walimwambia akapumzike. Kupumzika ni neno lao. Watu wengine husema kufukuzwa.

Nyumba aliyokuwa akiishi haikuwa yake. Ilikuwa mali ya kiwanda, imefungamana na kazi ya mkewe, mpishi wa meneja. Mkewe alipobanwa kifua aliomba ruhusa akatibiwe. Madamu, mke wa meneja, akamwambia angoje kidogo, kuna wageni. Wageni wakaondoka, na mpishi naye akaondoka, kwa jeneza. Udongo haujakauka, Madamu akatuma neno: kama binti wa marehemu anaweza kupika rizoto, ule wali mzito wa Kitaliano, kama ya mama yake, achukue kazi na nyumba ibaki kwao. Kama hawezi, wahame. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kumwingiza yeyote jikoni kwake kabla hajaona jiko alilotoka, angekuja kuila huko huko.

Asubuhi ya siku hiyo dereva wa Madamu alishusha vitu: uyoga, siagi, kipande cha jibini kigumu kama sabuni ya kufulia, na mfuko wa mchele wa Kitaliano, punje fupi, nene. Binti akatoka kwenda kununua vitunguu. Kufuli akabaki na mfuko. Akautumbukiza mkono ndani. Mkono ukatoka mweupe.

"Haya sasa," akasema peke yake. "Wametufagilia ghala."

Hasira ikampanda. Mkewe amewapikia mpaka pumzi ikakata, na leo wanamletea mwanawe mchele wenye vumbi, halafu waje waseme watu hawa ni wachafu. Hapana. Akaumimina kwenye beseni, akauosha. Maji yakatoka meupe kama chokaa. Akayamwaga, akatia mengine, akausugua kwa viganja, akarudia na kurudia mpaka maji yakawa ya kujitazamia. Alipomaliza aliuacha kwenye chujio unachuruzika, akakaa akijisikia mtu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Binti aliporudi, alisimama mbele ya chujio bila hata kuweka vitunguu chini.

"Baba. Umeuosha?"

"Ulikuwa na vumbi kama kiatu cha fundi mwashi."

"Lile vumbi ndilo rizoto yenyewe. Ndilo linaloufanya uwe mzito kama maziwa ya mgando. Mchele huu hauoshwi."

"Tangu lini binadamu akala mchele ambao haujaoshwa? Huo wa kuku."

"Mama hakuwahi kuuosha."

"Mama yako kajifunza uchafu kwa hao wakubwa."

Binti alifumba macho, akayafumbua. Mchele mwingine kama ule haukuwepo duka lolote la mtaani, na Madamu alikuwa njiani. Akautandaza kwenye taulo, akaupangusa kama mtoto aliyetoka kuoga.

"Nakuomba kitu kimoja tu," akasema. "Akija, usiseme. Niachie mimi."

Akakaanga uyoga kwenye siagi mpaka ukawa kahawia, akautenga. Akalainisha vitunguu, akatia mchele, na badala ya kukauka na kung'aa ukaanza kunata chini ya sufuria. Kwenye jiko la pili supu ilikuwa inachemka polepole, maana rizoto hainyweshwi supu baridi. Akawa anaichota kwa upawa, anamwagia kidogo, anakoroga mpaka inywewe, anamwagia tena. Rizoto haimruhusu mpishi kuondoka wala kukaa. Jasho lilimtiririka mgongoni.

Kufuli alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama bado yuko getini.

"Unakoroga kama mtu anayetafuta pete kisimani."

Binti akachota upawa mwingine.

"Mama yako alikuwa na mkono. Wewe una kijiko."

Binti akakoroga. Punje ziliiva, lakini kila moja ilikaa peke yake kama watu wasiosalimiana, na supu ikabaki inazizunguka. Akarudisha uyoga, akaongeza siagi. Akaongeza jibini lote. Jibini likavutika nyuzi nyuzi, likagoma kuchanganyika.

Honi ikalia nje.

Madamu aliingia na manukato yake, dereva nyuma akibeba mto wa kukalia, kwa sababu viti vya watu alikuwa haviamini. Umri wake ulikuwa sawa na wa mdogo wa mwisho wa Kufuli, lakini shikamoo haikumtoka.

"Mzee, mzima?" akasema, akipitisha kidole kwenye ukingo wa meza na kukitazama.

"Tunapumua," akasema Kufuli.

Binti akapiga goti kidogo, akaamkia, akaleta sahani ikiwa inafuka moshi. Madamu akala uma mmoja. Akatafuna kwa muda mrefu kuliko wali unavyohitaji. Akainamisha sahani, maji yakakimbilia upande mmoja.

"Hii nini?"

"Rizoto, Madamu."

"Mimi naona wali na mafuriko."

Dereva, aliyeegemea mlango, akacheka puani. Hucheka mwajiri wake anapochekesha. Ni sehemu ya kazi.

"Nyumba yote hii," Madamu akasema akiangaza dari, "kwa chakula cha namna hii?"

Hapo Kufuli akaiona nyumba inaondoka. Angekaa kimya tu, kama alivyoombwa, huenda binti angepata neno la kujitetea. Lakini woga ukishika mdomo usio na mlango, hutokea popote.

"Madamu, usitupime kwa huyu," akasema. "Mkono wa mama yake hana. Nimemwambia toka asubuhi. Mzito, mvivu, hasikii. Mpe siku nyingine, nitamsimamia mwenyewe."

Binti alikuwa ameshika upawa. Akauweka juu ya meza polepole.

"Madamu, baba ameuosha mchele."

Madamu akaweka uma chini.

"Ameuosha?"

"Nilipokwenda kununua vitunguu. Mpaka maji yakawa safi. Akasema mmemletea vumbi la ghalani."

Madamu akamgeukia Kufuli, akamtazama kama mtu anayesoma bei ya kitu asichotaka kununua. Kisha akacheka, cheko la kweli, mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya leso.

"Basi kosa si lako," akamwambia binti. "Shida ya nyumba hii naiona imesimama. Nitakuchukua. Kuna chumba nyuma ya jiko langu, utalala humo. Kitanda kimoja. Mzee hapana. Sitaki mtu wa kunioshea-oshea vitu. Nyumba hii nampa dereva, ana watoto."

Kufuli akamtazama mwanawe. Alingoja aseme siwezi kumwacha baba. Mkewe angesema hivyo. Hata mbwa wa jirani angesita.

"Sawa, Madamu," binti akasema. "Naweza kuja leo?"

"Mwanangu," Kufuli akasema.

Binti hakugeuka. Aliingia chumbani, akasikika akivuta begi chini ya kitanda. Alipotoka alimpita babake kama anavyopitwa mlinzi, akaenda kukaa ndani ya gari, kiti cha nyuma, na mto wa Madamu mapajani.

Wakubwa hawajichafui kwa kukupiga. Humpa ndugu yako fimbo, wakakaa pembeni wakimsifu anavyopiga.

Dereva ndiye aliyebaki nyuma kidogo. Alikuwa mtu mpole. Alitazama vyumba, akafungua bomba, akalifunga. Akaona haya, lakini haya haiwapi watoto nyumba.

"Samahani mzee wangu," akasema. "Nikuulize tu. Hili paa, wakati wa mvua, linavuja?"

Lilikuwa linavuja juu ya vitanda vyote, na ule ukuta wa nyuma ulishaanza kuinamia ndani. Mkewe alikuwa amekiandikia kiwanda mpaka akachoka.

"Halivuji hata tone," Kufuli akasema. "Weka watoto chumba cha nyuma, karibu na ukuta. Ndicho chenye joto."

"Asante, mzee."

"Karibu sana."