Visanduku vya Mbao za Kitanda

Kitanda kilikamilika Jumatano, na mwenyewe akafariki Ijumaa. Fundi seremala alikitengeneza wakati binti yake wa miaka mitano yuko wodini, maana alitaka mtoto akirudi nyumbani akute pake mwenyewe, asilale tena katikati ya wazazi akiwapiga mateke. Watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata wodini alitoa amri kwamba ubao wa kichwani ukatwe tundu la mwezi mchanga, ili mtu akiamka apitishe mkono. Fundi akakata mwezi. Chiriku hakukilalia hata siku moja.

Kwa miaka miwili mkewe, Mama Chiriku, alibadilisha shuka za kitanda kile kila Jumamosi. Alizifua, akazipiga pasi, akazitandika na kukunja pembe zikakaa sawasawa. Machozi hakuyatoa. Angelia, fundi angejua la kufanya, angalau angemshika mkono. Lakini mtu anayefua shuka zisizo na uchafu utamwambia nini? Fundi akaanza kuchelewa kutoka kazini, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba hiyo hiyo, hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni.

Mwishowe uvumilivu ulimwishia. Siku mkewe alipokwenda kumwuguza dada yake, fundi alifungua skrubu zote, akazibeba mbao hadi karakanani na kuzifunika turubai nyuma ya kabati. Mkewe aliporudi akakuta chumba kitupu. Fundi hakuwa amepanga la kusema, mwanamume yule, akasema la kwanza lililomjia: kitanda amempa dereva mmoja wa lori, upande wa pili wa mji, ana binti mdogo anayelala chini kwenye mkeka. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa na kona nyingi, na fundi alizipita zote kabla hajafika mwisho.

Alingojea ugomvi, hakuupata. Mama Chiriku alikaa kimya siku tano. Siku ya sita, akimmiminia chai, aliuliza, "Huyo mtoto analala vizuri?"

Fundi akajibu kwamba analala vizuri.

Basi mwanamke akarudi duniani. Alianza kula chakula kikaisha, akacheka umbea wa majirani, akatoa sindano zake za kufuma zilizokuwa zimelala sandukuni. Binti wa dereva alihitaji sweta. Hali ya hewa ilipobadilika alimtuma mumewe akachukue vipimo, naye fundi alizurura mitaani saa mbili, akarudi na urefu wa mkono, upana wa mabega na urefu wa mgongo, vyote kichwani bila karatasi. Mwaka uliofuata alitumwa tena, na vipimo vilikuwa vimeongezeka kama inavyopaswa. Sweta mbili za kwanza fundi aliziacha kwenye wodi ya watoto, akajiambia kwamba hakuna ubaya wowote. Ya tatu ilimshinda. Mkewe aliifuma kwa uzi wa njano alioufumua kutoka blanketi la Chiriku mwenyewe. Fundi aliishika mikononi akaona kwamba kuigawa hawezi, na kuirudisha ndani ndiyo kabisa.

Sasa furaha nayo ina kazi zake. Mama Chiriku alipopata nguvu alianza kufagia kila kona, na mwisho akatangaza kwamba Jumatatu zamu itakuwa ya karakana, ambayo haijaona ufagio tangu ijengwe. Fundi akakumbuka mbao zilizo chini ya turubai. Wokovu ulikuja kwa jirani, mwalimu mstaafu wa sayansi, aliyekuwa akilalamika kila siku kwamba miti mizee yenye mashimo imekatwa na ndege hawana pa kutagia. Mwalimu alikuwa na mchoro wa kisanduku cha ndege na alimpa kila aliyekubali kusimama. Safari hii fundi alisimama.

Kwa siku mbili alipasua na kupiga randa. Miguu ya kitanda, mbavu zake, chaga zake, vyote vikawa visanduku, na karakana ikabaki safi mbele ya ufagio. Ubao wa kichwani tu ndio uliomgomea. Aliweka msumeno juu ya ule mwezi mara tatu, na mara tatu akauondoa. Basi akaufanya uso wa kisanduku cha tano, mwezi ukawa ndio mlango, japo mchoro wa mwalimu ulitaka tundu dogo la kupita shomoro na mwezi ulipitisha ngumi nzima. Akaikunja sweta ya njano akaiweka ndani. Kisha akapanda mparachichi na kukifunga juu kabisa, uso umeelekea ukuta wa nyuma, ambapo mtu wa chini asingeuona.

Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini walikuja wote isipokuwa walioalikwa. Kisanduku cha kwanza kilipangwa na sisimizi. Cha pili kilichukuliwa na nyigu, mmojawao akamdunga mwalimu sikioni, naye akasema kwa uvimbe wake kwamba kisayansi hiyo ni dalili njema. Cha tatu akaingia mjusi. Kwenye cha nne shomoro wawili walichungulia, wakajadiliana, wakaondoka kama wapangaji waliokwisha kuona choo. Mama Chiriku alicheka mpaka akakaa chini. Fundi alimtazama akicheka, akajisikia mwizi.

Halafu kisanduku cha tano kikaanza kulia.

Ilikuwa jioni, giza linaanza kuingia, wameketi kibarazani. Sauti ilitoka juu ya mparachichi, ya mtoto mchanga hasa, ya kuvuta pumzi na kuomba. Fundi peke yake alijua ni ubao gani unaolia, na wa nani. Mkewe aliweka kikombe chini, akasikiliza hadi kilio kilipokoma, kisha akaingia ndani. Jioni ya pili kikalia tena, na ya tatu. Fundi akawa haendi tena upande ule wa bustani. Mchana alipokuwa akipiga randa alikuwa akisimama ghafla, kwa kuwa alisikia mtu akiongea bila kupumzika nyuma ya mlango, na akifungua hakuna mtu. Aliogopa, tuseme wazi. Aliogopa kwamba amempasua mtoto wake kwa msumeno.

Alikwenda kwa mwalimu. Mwalimu akamweleza kwamba huyo ni komba, mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa, na kilio chake kimewahi kuwatoa wazee wazima vitandani. Akasema bila shaka amezaa humo, na akaomba ruhusa ya kuja na darubini. Fundi alirudi nyumbani mbio mbio na habari hiyo. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho.

"Komba namjua," alisema. "Nimekua nikiwasikia. Lakini kilio hiki ni ishara. Baba Chiriku, yule mtoto anaumwa."

"Mtoto gani?"

"Wa dereva. Kitanda kile kina mtoto ndani, na mtoto yule anaumwa. Nipeleke nikamwone."

Fundi akasema dereva yuko safarini. Mkewe akasema hana haja na dereva. Fundi akasema, kusema kweli, hawa watu wamehama. Mkewe akauliza wamehamia wapi, lini, na kama wamehama na kitanda, na fundi kwa kila swali akatoa jibu lililolikanyaga la kwanza. Mama Chiriku hakubishana naye. Alisema kesho asubuhi atavuka mji kwa miguu, abishe hodi mlango kwa mlango, aulize ni wapi anakaa msichana mwenye sweta za kufumwa. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha fundi kuliko kilio cha mtini. Mmoja alikufa yeye akiwa amekwenda kubadilisha nguo, alisema, na huyu hatafia mbali naye.

Fundi alijilaza macho wazi. Akimwambia kweli, anamwua yule mtoto mbele ya mama yake. Asipomwambia, mkewe atazunguka milangoni kama mwendawazimu, na watu watamwonea huruma, kisha watamcheka. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameyamwaga kwa miaka miwili. Alipopitiwa na usingizi kulikuwa karibu kunakucha, na alipoamka upande wa pili wa kitanda ulikuwa umepoa.

Viatu vya mkewe vya kutokea vilikuwa mlangoni bado. Fundi akatoka nyuma. Ngazi ya karakana ilikuwa imeegemezwa kwenye mparachichi, na mkewe alikuwa juu yake, juu sana, ameshika tawi kwa mkono mmoja. Pengine alitaka kwanza kuhakikisha kwamba ni komba kweli, kabla hajaenda kuwasumbua watu. Fundi alikimbia akaishika ngazi kwa mikono miwili. Asubuhi yote aliyoiona ilikuwa nyayo za mkewe, zenye vumbi la bustani, zikipanda kidato kimoja zaidi.

Alimsikia akizunguka shina. Alisikia majani yakisogezwa.

"Ni komba," sauti ikasema kutoka juu. "Ana mtoto."

Fundi akaikamata ngazi kwa nguvu zaidi.

"Wamelalia sweta."

Fundi alingoja mkewe aulize kuhusu ubao wenye mwezi. Hakuuliza. Alikaa kule juu muda ambao mtu angeweza kutandika kitanda, akakunja na pembe, kisha nyayo zikaanza kushuka taratibu. Alipofika chini alisimama akimpa mumewe mgongo, kiganja kikiwa bado kwenye mti.

"Yuko wapi yule mtoto?"

"Hayupo."

"Amekufa?"

"Hakuwahi kuwepo," fundi alisema. "Hakuna dereva. Nilikitoa kitanda kwa sababu nilishindwa kukiona, nikakwambia uongo, ukaanza kula. Nikaogopa usije ukaacha kula tena."

Mama Chiriku alikaa chini pale pale, kwenye majani makavu, na akalia. Kilio ambacho hakukitoa hospitalini wala makaburini wala juu ya shuka za Jumamosi, alikitoa sasa kwa ajili ya msichana wa upande wa pili wa mji. Mwalimu alitokeza kichwa ukutani na darubini yake, akaona, akakirudisha. Fundi aliketi kando ya mkewe. Alishangaa kwamba na yeye analia, na kwamba anamlilia yule yule. Alimpoteza mtoto aliyemtunga kwa uongo, na uchungu haukuwa na uongo ndani yake.

Jua lilikuwa limeshapanda mkewe alipojifuta uso kwa ukingo wa kanga.

"Na vile vipimo?" aliuliza. "Kila mwaka ulikuwa unaviokota wapi?"

Hilo fundi hakuwahi kujiuliza mwenyewe, alikuwa akitembea tu mitaani hadi tarakimu zije, na zilikuja siku zote.

"Nilikuwa nafikiria Chiriku angekuwa amefika wapi."

Mama Chiriku akamtazama. Ilikuwa muda mrefu hawajatazamana hivyo. Akainuka, akamvuta mkono mumewe mpaka naye akasimama wima mbele yake.

"Na sasa hivi," alisema, "amefika wapi?"

Fundi akagusa kifungo cha tatu cha shati lake. Mkewe akasogea, akaweka kiganja pale pale, akakiacha.