Baba Huwaida

Hadia alipofumbua macho hospitalini Mombasa, maneno ya kwanza aliyomwambia mumewe yalikuwa haya: "Baba Huwaida, mtoto ameshakula?"

Abdulwahid alidhani amesikia vibaya. Hakuna mtu aliyemwita hivyo kwa miaka mingi. Kwao Faza, kisiwani, watu wote walimwita Mwalimu, kwa kuwa alikuwa akisomesha fizikia katika shule ya upili, na hata mkewe alikuwa amezoea kumwita vivyo hivyo. Huwaida alikuwa mtoto wao wa pekee. Alifariki kabla hajaachishwa ziwa, na baada yake hawakujaliwa mwingine.

Ajali yenyewe ilitokea njiani wakirudi kutoka harusini Siyu. Pikipiki aliyopanda Hadia iliteleza mchangani, naye akaanguka na kugonga kichwa. Akakimbizwa Lamu kwa boti, kisha Mombasa, akapasuliwa. Sasa alikuwa hai, anaongea, anauliza habari za mtoto.

"Jeraha kama hili huacha mapengo katika kumbukumbu," daktari alimweleza Abdulwahid nje ya wodi. "Na ubongo haupendi pengo. Huliziba kwa chochote unachokipata. Usibishane naye, atarudi polepole. Lakini hizi dawa asizikose asubuhi wala jioni. Akizikosa, anaweza kushikwa na kifafa."

Wakarudi Faza. Radhiya, dada mkubwa wa Hadia, mjane aliyekaa mtaa wa Langoni, Lamu, akafunga mlango wake akaja kuwasaidia. Yeye alishika jiko na usafi wa mgonjwa. Dawa akamwachia Mwalimu, aliyesoma.

Kila asubuhi, kabla ya kumeza vidonge, Hadia alimzungumzia Huwaida. Hakuwa akiweweseka. Alizungumza kwa utulivu kama mama yeyote. Huwaida alikuwa mkubwa sasa. Aliandika kwa mkono wa kushoto, na alipocheka aliziba mdomo kwa sababu jino moja lilipanda jenziwe. Papa hakumla kabisa, alisema ananuka. Alikuwa amepata kazi Mkokoni, akisomesha watoto wa chekechea.

"Ndiyo," Abdulwahid alijibu siku za mwanzo, huku akitazama kwingine.

Baadaye akaanza kuuliza. Huwaida alipendelea rangi gani? Alipokuwa mdogo, alikuwa akimwogopa nani? Hadia alijibu yote bila kusita. Abdulwahid akawa anaamka mapema kuliko alivyozoea, anavuta kiti karibu na kitanda, anangoja macho ya mkewe yafumbuke.

Kwa miaka mingi alikuwa na mtindo wa kuwapa wanafunzi wake kitu kisichokuwa kwenye mtihani, kila mwisho wa wiki. Wiki moja, Hadia akiwa bado kitandani, aliwaambia kwamba wako wanasayansi wanaodhani kuwa jambo likiweza kwenda njia mbili, huenda zote mbili. Ulimwengu unagawika, na kila mmoja unashika njia yake. Aliwaambia pia kwamba wengine huwacheka hao, na kwamba hakuna aliyeona dalili yoyote. Alilisimulia kama peremende ya kuwachangamsha. Lakini wiki ile msichana mmoja aliinua mkono.

"Mwalimu, na yule mimi wa kule, anajua kama mimi niko huku?"

"Hawezi kujua!" Abdulwahid alijibu. "Mlango haupo. Haupo, mnasikia?"

Wanafunzi wakatazamana. Yeye mwenyewe hakujua kwa nini alikuwa amepaza sauti.

Asubuhi iliyofuata alimwuliza Hadia swali alilokuwa akilizunguka tangu hospitali. "Huwaida aliugua sana alipokuwa mchanga. Unakumbuka?"

"Nitasahauje?" Hadia alisema. "Si wewe uliyemponya?"

"Mimi?"

"Ulikuwa masomoni Mombasa. Ulipopata habari ulikwenda ofisi ya mabasi ukakata tikiti. Kisha ukataka kuirudisha, kwa sababu kesho yake una mtihani. Ukajionea haya, ukapanda. Ulipofika hapa ukakodi boti na kumpeleka Lamu mikononi mwako."

Abdulwahid aliinuka, akaketi, akainuka tena. Ni kweli alikuwa Mombasa. Ni kweli alikata tikiti, na ni kweli alisimama pale dirishani akiwaza mtihani, akijiambia kuwa homa za watoto huja na kupita. Tofauti ni kwamba yeye aliirudisha. Alipofika Faza mtoto alikuwa ameshazikwa, na aliwaambia watu wote kwamba habari zilichelewa kumfikia. Habari za ile tikiti hakumwambia mtu. Hakumwambia Hadia. Hakuwahi hata kuzitamka peke yake.

Basi Hadia amezijuaje?

Tangu hapo hakutulia. Chakula alikionja akakiacha. Akisahihisha madaftari, alijikuta amesimama mlangoni kalamu mkononi. Msikitini, imamu alipofika *Rabbil-alamina*, fikira zake zilikwama hapo: Mola wa walimwengu. Wengi, si mmoja. Alijilaumu kwa kuyavuta maneno matukufu yafuate hamu yake, na swala iliyofuata akayavuta tena. Huenda kichwa cha Hadia kilipopasuka, alifikiri, kilipasuka penye ufa wa kitu kikubwa zaidi. Huenda mke wake alikuwa ameuona upande ambao yeye alipanda lile basi.

Aligundua pia kwamba vidonge vilimzima. Akishavimeza, Hadia alikuwa mzito wa ulimi, na Huwaida akapotea mpaka kesho. Abdulwahid akaanza kuchelewesha dozi ya asubuhi, apate maneno mawili matatu zaidi. Kisha akairuka. Kisha akairuka na ya jioni, na Hadia akazungumza mchana kutwa, macho yanang'aa, na kumfurahisha kwa habari mpya. Radhiya alimwona mgonjwa amechangamka, akamshukuru Mungu.

Mwisho Abdulwahid akaomba ruhusa shuleni, akamwambia Radhiya kwamba ana shughuli Kizingitini. Alikokwenda ni Mkokoni.

Njia nzima alijiambia kwamba anakwenda kutazama tu. Boti iliposhika pwani ya bara aliruka kabla haijasimama, akaloa mpaka magotini. Chekechea ilikuwa banda la mabati nyuma ya kijiji, watoto wameketi juu ya mikeka wakiimba namba. Mwalimu wao alikuwa amewapa mgongo, anaandika ubaoni. Aliandika kwa mkono wa kushoto.

Abdulwahid akashika nguzo ya banda.

Msichana akageuka. Uso wake haukuwa wa Hadia, wala wa kwake, wala wa mtu yeyote anayemjua. Alimwona mgeni, mtu mzima, suruali imeloa, ameikumbatia nguzo, akamjia mbio.

"Shikamoo, baba. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Namtafuta binti yangu. Anasomesha chekechea. Huwaida."

"Hapa mwalimu ni mimi tu, naitwa Fahima, kwetu Ndau. Labda yuko Kiwayu? Ngoja, niwaulize wenzangu." Akatoa simu, akaanza kutafuta nambari. "Huwaida binti nani? Ana umri gani, baba? Una picha yake?"

Picha. Abdulwahid aliitazama ile simu mkononi mwa mtoto wa watu, aliyeacha darasa lake ili amsaidie kumtafuta maiti.

"Usimpigie mtu," alisema. "Alifariki. Alifariki zamani."

Fahima aliishusha simu polepole. Alimletea kikombe cha maji, akamwekea kiti kivulini, akawarudia watoto na kuwaimbisha kwa sauti ya chini.

Alikuwa hajayamaliza maji simu yake mwenyewe ilipolia. Ni Radhiya.

"Uko wapi?" alipiga kelele. "Hadia ameanguka! Anatetemeka mwili wote, mato yamegeuka! Rudi!"

Boti ya kurudi haikuweza kuondoka. Maji yalikuwa yametoka, mkondo umebaki tope na mizizi ya mikoko, na nahodha akasema wangoje yajae. Abdulwahid aliingia topeni akaanza kuisukuma boti peke yake, mpaka wanaume wawili wakamshika mabega na kumtoa. Alitembea ufukweni akienda na kurudi. Siku ile ya Huwaida ilikuwa hivi hivi, aliwahi kuelezwa: mtoto mikononi, mama ufukweni, na bahari imekwenda. Hadia alingoja hivi. Alingoja hivi peke yake.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa limeanza kuinama. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa amekuja akamdunga Hadia sindano, na sasa alikuwa amelala, anapumua kwa utulivu, mdomo umevimba alipojiuma. Abdulwahid alimwita Radhiya uani akamwambia yote. Dawa, Mkokoni, yote.

Radhiya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hamu ya mtoto," alisema, "ukawa radhi umkose na mamake?"

"Sikufikiri ingefika huko, Bi Radhiya."

"Ulifikiri sana, Mwalimu. Hilo ndilo lililokupoteza ndia. Lete hizo dawa. Zitakaa kwangu."

Akazitoa mfukoni, akampa.

Vidonge vilifanya kazi yake. Huwaida akaanza kupungua. Kwanza Hadia alisahau kazi ya Mkokoni. Kisha jino. Siku moja Abdulwahid aliuliza, kwa udhaifu, kama Huwaida bado hali papa, na Hadia akamtazama kwa mshangao. "Huwaida gani? Wetu?" aliuliza, akalia kwa uchungu kama mtu aliyepewa habari upya. Tangu siku ile akamwita Mwalimu, kama zamani. Daktari aliposikia kwa simu alifurahi. Abdulwahid alitoka, akauzunguka mji wa Faza mpaka miguu ikamwuma, akimlilia msichana mkubwa ambaye hakuna mwingine duniani aliyemjua.

Ila lile la tikiti liliendelea kumkereketa. Alasiri moja Hadia alikuwa ameketi uani akikuna nazi, nguvu zimeanza kumrudia mikononi. Abdulwahid alisimama mbele yake.

"Hadia. Nani aliyekwambia kwamba nilikata tikiti?"

Mkono wa Hadia ulisimama juu ya mbuzi.

"Jeilani," alisema. Huyo alikuwa mume wa Radhiya, sasa marehemu. "Alikuwa nyuma yako pale ofisini. Alikusalimu, hukumsikia. Akakuona unairudisha. Alipokuja matangani akanisimulia, akaniuliza ni nini kilichokurudisha nyuma."

"Umelijua miaka yote hii?"

"Nilimwomba asimwambie mtu, hata Radhiya. Akafa nalo."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Nilikungoja uniambie mwenyewe." Hadia alipangusa mikono kwa kanga. "Mwanzo nilikuchukia. Kisha nikachoka kukuchukia. Kila nikikaa peke yangu, nikawa nakupandisha basi. Nakuleta mpaka hapa. Unakodi boti, maji yamejaa. Mwana anapona, anakua. Nilikuwa nimeshampa na kazi."

Abdulwahid alikuwa ameutafuta mlango mbinguni na baharini, na ulimwengu wenyewe ulikuwa umejengwa humu uani, na mwanamke anayekuna nazi, kwa miaka, kimya kimya, ili aweze kuendelea kuishi naye.

"Nisamehe," alisema.

"Sijui kama nimekusamehe. Kuna siku nadhani nimeshamaliza, kisha narudi mwanzo." Hadia alimtazama. "Mbona wasimama? Toka umerudi Mkokoni huketi. Keti."

Kumbe Radhiya alikuwa amemwambia. Abdulwahid aliketi juu ya mkeka.

"Niambie ilivyokuwa," alisema. "Si ile ya basi. Ile yenyewe. Sikuwahi kukuuliza."

"Hukuwahi," Hadia alisema. Akaisukuma kando sinia ya nazi. "Ilikuwa asubuhi. Alikuwa na joto, lakini alinyonya. Nilimvisha lile gauni la manjano alilolishona mama."

"Sikulijua hilo gauni."

"Basi nisikilize," Hadia alisema, akaanza kumweleza lile gauni, mikono yake ilivyokuwa mirefu kuliko ya mtoto, na alivyoikunja.