Chumvi ya Guka

Kama kuna kitu ambacho Mzee Jamleck Kahiga hakuwahi kukielewa maishani mwake, ni mtu mzima, mwenye akili zake na sufuria yake, kupika chakula na kukitoa motoni bila chumvi. Kwake Elburgon alikuwa ananyunyiza kwanza, kuonja baadaye. Sasa hapa Kiamunyi, nyumbani kwa mwanawe Kabiru, mlango wa friji ulikuwa na karatasi iliyobandikwa na Kimberly, mke wa Kabiru: Wachuka hapewi chumvi. Hapewi sukari. Hapewi asali. Hapewi kitu chochote cha pakiti.

"Haki ya Mungu, hiki si chakula, ni adhabu," mzee aliiambia friji.

Wachuka alikuwa na miezi minane na meno mawili. Alipewa jina la nyanyake, marehemu mke wa mzee, kama ilivyo desturi, kwa hivyo mzee alimwita "mke wangu" mbele ya watu na hakuna aliyeshangaa. Shida ni kwamba mke huyu alikataa kula. Kimberly alikuwa akinunua maboga ya batanati na minji kwa mkulima asiyepiga dawa, anachemsha, anaponda kwa mkono wake mwenyewe, na Wachuka anafunga mdomo ndii. Kadi ya kliniki ilikuwa imeandikwa kilo saba mwezi uliopita, na mwezi huu kilo saba vilevile.

Msichana wa kazi alikuwa ameenda kwao, ndiyo maana Guka, yaani babu, akaitwa ashikilie nafasi yake. Kimberly alimwambia kwa heshima zote, lakini alimwambia. "Guka, Ijumaa ya wiki ijayo anapimwa tena. Kama hajaongeza, nitampeleka daycare kule Section 58. Wale wamezoea watoto wagumu."

Mzee aliitikia tu, lakini iliuma. Alijua maana yake ni kurudi Elburgon, kwenye nyumba ya vyumba vinne ambayo siku hizi inakaliwa kiti kimoja.

Siku hiyohiyo, Jumatatu, akagundua siri. Wachuka hakuwa hataki chakula. Alikuwa hamwamini mpishi. Mzee akila kijiko kwanza, mtoto anamkazia macho, na uso wa mzee ukifurahi, mdomo unafunguka. Ukikunjamana, unafungwa. Na uso wa Jamleck haukuwahi kutunza siri hata siku moja. Kule kanisani kwao, mhubiri akizidisha mahubiri, alikuwa anautazama ule uso tu na kufunga Biblia.

Angefanyaje, jamani? Batanati bila chumvi ilimkunja uso mpaka masikioni. Akatafuta kikopo chake cha zamani cha ugoro, akakisafisha, akakijaza chumvi na kukitia mfuko wa koti. Kijiko kimoja cha Wachuka, safi kabisa. Kijiko kimoja cha Guka, na chumvi kidogo ya kikopo. Uso ukachanua. Mtoto akala bakuli zima, akagonga meza akitaka jingine.

Siku mbili walikula hivyo, raha mustarehe. Jumatano Kimberly akaja nyumbani mchana bila kusema. Akapapasa meza ya mtoto, akalamba kidole.

"Guka! Hii ni chumvi!"

"Ni yangu, mama. Si yake."

"Yako inafanya nini kwa meza ya mtoto? Figo zake, Guka! Figo!"

Mzee akatoa kikopo, akaeleza yote, kijiko kwa kijiko. Kimberly alisikiliza, mikono kiunoni. Alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa mama pia, tena mwenye hofu.

"Sawa. Kula bila chumvi, mimi nikiona. Akikula, nitajua si chumvi iliyokuwa inamvuta. Akikataa, kesho ni daycare."

Mzee akachota batanati tupu, akaitia mdomoni, akalazimisha tabasamu. Wachuka akalitazama lile tabasamu vile polisi wa barabarani anavyotazama leseni. Mdomo ndii. Kijiko cha pili, ndii. Cha tatu, akageuza kichwa kabisa.

Kwa kijiko cha nne alimwangalia mtoto vizuri, na mkono ukasimama njiani. Aliyajua macho yale. Ndiyo yale yale ya marehemu, tangu daktari alipokataza chumvi kwa sababu ya presha ya mzee: anaweka sahani ya githeri isiyo na chumvi mezani, anakaa mbele yake, anangoja. Na kila siku, kwa miaka kumi na moja, mzee alikuwa anausukuma mkono wa mkewe na kunyunyiza. Hata siku moja hakuwahi kuonja alichopikiwa.

"Wewe mwanamke," akasema polepole, "kumbe hujachoka?"

Akacheka, kicheko cha kweli kilichochanganyika na machozi. Akala akicheka, na kwa mara ya kwanza akatafuna polepole badala ya kumeza kama dawa. Kulikuwa na kautamu mle ndani, kadogo, ka shamba. Nyusi zikapanda zenyewe.

Wachuka akafungua mdomo.

Ijumaa ya wiki iliyofuata kadi iliandikwa kilo saba na robo, na hakuna aliyetaja tena Section 58. Jumapili, baada ya kanisa, Kimberly alichinja kuku. Mwenyewe, kwa shukrani, akaweka chupa ya chumvi mbele ya baba mkwe wake.

"Ya Guka hii, atumie atakavyo."

Mzee akanyoosha mkono upesi. Kisha akamwona Wachuka kwenye kiti chake kirefu, meno mawili nje, macho hayapepesi, akingoja aone.

Akaisukuma ile chupa kwa Kabiru.

"Ondoa hii kitu. Miaka kumi na moja nilimbishia akiwa na meno yote," akasema. "Sasa ako na mawili, na amenishinda."

Akakata kipande cha kuku, akakila hivyo hivyo, na uso wake ukafanya kazi yake.